Alama za Viko na Maana Yake

Wasikilizaji wetu, anunuaye kiko kikuukuu hulipia jina. Basi yampasa ajue kulisoma.

Tuanze na mrija. Nukta moja nyeupe ni alama ya Dunhill wa London. Haikuwekwa kwa urembo, bali kumwonyesha mvutaji upande wa juu, maana kila mrija ulichongwa ulingane na kiko chake. Herufi P ni ya Peterson wa Dublin. Tembo ni alama ya viko vilivyotengenezwa Arusha, navyo viliitwa Kiko.

Lakini nukta huigwa kwa urahisi, na mrija waweza kubadilishwa. Kwa hiyo na tutazame maandishi yaliyopigwa kwenye shingo, chini ya bori. Hapo jina la nchi ni kama kalenda. Kiko cha Peterson chenye maneno "Irish Free State" hutaja dola iliyokuwako tangu 1922 hata 1937. Na penye "Tanganyika" twakumbuka jina la nchi kabla ya muungano wa 1964.

Tusipasugue kwa msasa mahali hapo ili kiko king'ae. Tukiyafuta maandishi, tumemfukuza shahidi wetu.