Mmea Mchungu wa Kutuliza: Jua Kwanza Umeuziwa Jani Gani

Scutellaria lateriflora ni mmea wa Amerika Kaskazini unaoota penye unyevu, kandokando ya mito na vinamasi. Shina lake lina pembe nne kama la mrihani, kwani ni wa ukoo mmoja. Maua yake madogo ya buluu hupangana upande mmoja wa kikonyo, na mgongoni mwa kila ua pana kinundu mfano wa kofia. Jani lake ni chungu.

Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, waliutumia kwa matatizo ya hedhi. Katika miaka ya 1770, tabibu Lawrence Van Derveer wa New Jersey aliutangaza kuwa tiba ya kichaa cha mbwa. Haukuwa tiba: aliyeng'atwa huoshwa jeraha kwa sabuni na maji tiririka kwa dakika 15, kisha huwahishwa hospitali akachanjwe. Matumizi yaliyodumu ni ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi.

Ushahidi wake bado ni haba. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la watu 43, wengi wao wakiwa na wasiwasi kidogo tu. Wasiwasi haukupungua kuliko walipokunywa dawa bandia, ingawa hisia zao kwa jumla ziliboreka walipotumia mmea huu.

Hatari kubwa inatoka sokoni. Mimea ya Teucrium, nayo ya ukoo huohuo, imewahi kuuzwa kwa jina la Scutellaria. Ikiwa mibichi hutambulika, maana ua la Teucrium halina mdomo wa juu. Ikishakaushwa na kusagwa, jicho halina la kufanya. Baadhi ya Teucrium zina teukrini A, ambayo ini likiichakata huzaa sumu inayoua seli zake. Ufaransa ilipiga marufuku dawa za Teucrium chamaedrys mwaka 1992, baada ya watumiaji kupata homa ya ini.

Kwa hiyo, nunua kwa muuzaji anayetaja jina kamili la kisayansi na anayepima mali yake maabara. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa ini wauepuke. Usiuchanganye na pombe wala dawa za usingizi. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi au maumivu chini ya mbavu za kulia, acha mara moja na uende hospitali. Nenda na pakiti yenyewe: daktari atahitaji kujua kilichomo ndani, na jina lililoandikwa juu yake peke yake halimtoshi.