Mkarafuu wa Uani: Kivuli, Maji na Maandishi



Ndugu zetu Waislamu, msimu wa masika ndio msimu wa kupanda, na kila mwaka mvua zinapokaribia, waumini wa msikiti wetu hapa Tibirinzi, Chake Chake, huulizana habari za miche. Mji umekua, na mahali palipokuwa mashamba leo ni mitaa. Hata hivyo nyua zetu nyingi bado zina nafasi ya mkarafuu mmoja au miwili. Tumeona tuandike juu ya malezi ya mti huu, kisha juu ya jambo la pili ambalo limetushughulisha zaidi katika kamati yetu: mti ukishakua, ni wa nani?

Mkarafuu si mti wa asili wa Pemba. Chimbuko lake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia, na uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyehimiza upandwe kwa wingi. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Hivyo kinachochipua katika nyua zetu ni mgeni aliyekaribishwa akawa mwenyeji, na mgeni huyu ana adabu zake.

Adabu ya kwanza ni mbegu. Mbegu ya mkarafuu haiwekwi akiba. Ikikauka hufa, na hata ikitunzwa vizuri haikai siku nyingi. Tunda lililoiva likapata rangi ya zambarau huokotwa, hulowekwa kwenye maji usiku mmoja, likamenywa ganda lake, na mbegu ikapandwa mara moja katika udongo laini wenye samadi iliyooza. Huchipua baada ya wiki mbili au zaidi. Asiyeweza kazi hiyo na achukue mche kwenye kitalu, lakini autazame kwanza: uwe na majani mabichi yanayong'aa, shina lililonyooka, na mzizi mkuu usiojikunja ndani ya kiriba. Mzizi uliojikunja utotoni haunyooki ukubwani.

Adabu ya pili ni kivuli. Wengi hudhani kwamba mti unaopanda hadi kulizidi paa la nyumba hauogopi jua. Kumbe mche wa mkarafuu ni kama mtoto mchanga: jua kali la kaskazi huyaunguza majani yake, na upepo wa kusi huunyima unyevu. Wazee wetu waliupanda karibu na mgomba au muhogo, na hiyo ilikuwa hekima. Asiye na mgomba na auwekee kichanja cha makuti, apunguze makuti hayo kidogo kidogo kadiri mti unavyopata nguvu. Kuyaondoa yote kwa siku moja ni kuutupa motoni.

Adabu ya tatu ni maji yenye kiasi. Mkarafuu unapenda unyevu, lakini hauvumilii kusimama ndani ya maji. Shimo lichimbwe mahali ambapo maji ya mvua hayatuami, mbali na karo la choo na jiko la nje. Upana na kina chake viwe futi mbili, na udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Anayepanda zaidi ya mmoja aache mita sita au saba baina ya mti na mti, na asiukaribishe mno ukuta wa nyumba. Chini yake yatandazwe majani makavu yasiyogusa shina, ili udongo usikauke wakati wa kiangazi. Shina likaguliwe kila wiki kwa ajili ya mchwa. Katika miaka miwili ya mwanzo mche umwagiliwe maji kila ardhi inapokauka, na kazi hii inawafaa sana watoto wakirudi chuoni.

Baada ya hapo ni subira. Mkarafuu huanza kutoa maua baada ya miaka sita hadi minane, na hufikia nguvu zake kamili baada ya miaka kumi na mitano au ishirini. Mtoto anayeanza skuli leo atakuwa kijana wakati mti wake unapochumwa kwa mara ya kwanza. Ukitunzwa, huweza kuishi zaidi ya umri wa mwanadamu. Na hapa ndipo linapoingia suala la umiliki, kwani anayepanda mkarafuu anapanda kitu ambacho kwa kawaida kitabaki nyuma yake.

Hapa Pemba ni desturi ya zamani kwamba ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mti ukawa wa mwengine. Ndugu humruhusu ndugu yake kupanda katika kiwanja chake, wakapeana mikono, na hakuna kalamu inayoshikwa. Wote wawili wakiwa hai, hapana tatizo. Taabu huanza mmoja wao anapofariki.

Yamefika mbele ya kamati yetu mambo ya namna hii, na moja tutalieleza bila ya kumtaja mtu. Marehemu alipanda mikarafuu katika ardhi ya kaka yake, kwa ridhaa yake. Alipofariki, mjane na watoto walisema miti ni mirathi yao. Kaka akasema miti hufuata ardhi. Hapakuwa na karatasi, na shahidi aliyekuwa hai alikuwa mzee mmoja tu. Mashauriano yakiendelea, msimu uliingia. Karafuu huchumwa likiwa bado tumba, linapoanza kugeuka wekundu. Ua likishafunguka thamani yake huanguka. Kila upande uliuzuia upande wa pili usipande juu ya miti, na maua yakafunguka yote. Hawakupata karafuu za kuanika wala makonyo ya kuuza. Hatimaye walisuluhishwa na miti ikarudi kwa warithi, lakini mavuno ya mwaka ule hayakurudi. Kilichotuhuzunisha zaidi ni kwamba watoto wa nyumba mbili hizo waliacha kutembeleana hata siku ya Sikukuu.

Mwenyezi Mungu (s.w.t.), katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ametuamrisha kuliandika deni na kulishuhudisha. Ikiwa deni la muda linaandikwa baina ya watu wanaoaminiana, basi mti utakaoishi miaka mingi unastahiki zaidi. Kuandika si dalili ya kumtilia ndugu shaka. Ni kumlinda yeye na watoto wake wasije wakatiliana shaka.

Tunashauri mambo matatu. Anayepanda katika ardhi isiyo yake aandike idadi ya miti, mahali ilipo na ridhaa ya mwenye ardhi, mbele ya mashahidi wawili na Sheha. Anayetaka kumpa mwanawe au mkewe mti ampe kwa hiba angali hai na amkabidhi, kwani wasia hauvuki thuluthi ya mali, wala haumhusu mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Na anayetaka mti uwe wakfu wa msikiti au madrasa aieleze nia yake kwa maandishi, na nakala ifikishwe kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ili asitokee mtu akauita wake.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo mwanadamu, ndege au mnyama huandikwa kwake kuwa ni sadaka. Tusiiache sadaka hiyo ikawa chanzo cha kukata udugu. Atakayechimba shimo masika haya, na alale usiku wa siku hiyo karatasi yake ikiwa imekwisha kutiwa saini.

Wabillahi tawfiq.