Batonie, mkubwa ambaye hatumjui

Ndugu msomaji, katika mitaa yetu ya kazi, kuanzia Kipushi mpaka Likasi na Kolwezi, majina ya wakubwa tunayajua vizuri. Tunamjua mkubwa wa komini, tunamjua komanda wa polisi, tunamjua mkubwa wa parke, tena tunawaogopa. Lakini ukiuliza siku ya Mungu kisha ibada, "Batonie ni nani?", wengi watanyamaza. Mmoja atajibu kwamba ni mkubwa wa mazuzi. Hapana. Mwingine atasema ni mtu wa serikali aliyetumwa kutoka Kinshasa. Hapana tena.

Batonie ni avoka kama maavoka wengine. Wenzake wanakutana, wanapiga kura, wanamweka mbele yao. Hakuna waziri anayemchagua. Sheria inayopanga jambo hili ni ya tarehe 28 Septemba 1979, wakati inchi yetu ilipokuwa ingali Zaïre chini ya Mobutu. Sheria hiyo inasema kwamba mahali penye Cour d'appel, maavoka wa pale wanafanya mwili mmoja unaoitwa baro, pamoja na baraza lao na batonie wao. Kwa hiyo Lubumbashi kuna baro tangu zamani, na baada ya Katanga kugawanywa kuwa majimbo 4 katika mwaka wa 2015, watu wa Lualaba nao wana baro yao kule Kolwezi. Juu ya mabaro yote kuna Ordre National des Avocats huko Kinshasa, na kichwa chake ni batonie wa taifa.

"Sasa, mchungaji, hiyo inanihusu nini mimi mwenye kuchimba?" Inakuhusu sana. Sikiliza.

Mlango wa kwanza

Fikiri mama mmoja wa cité. Bwana yake amekamatwa juu ya mfuko wa mawe ya cobalt. Mama anakimbia huku na huku, anauza sufuria, anampa mtu wa kwanza anayesema "miye najua mukubwa mule ndani". Akija kwako analia: "Bwana yangu balimufunga, shina na makuta ya avoka."

Mama huyu hajui mambo mawili. La kwanza, Katiba ya 2006, artikle 18, inasema mtu hawezi kuwekwa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mbele ya mkubwa wa sheria anayestahili. Tena anapaswa kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake katika lugha anayoisikia. Artikle 19 inaongeza kwamba kila mtu ana haki ya kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua mwenyewe, hata wakati wa kuulizwa na polisi, si siku ya tribinali tu.

La pili ndilo kubwa kwetu. Ile sheria ya 1979 inaamuru kila baraza la baro kufungua ofisi ya kusaidia watu wasio na feza. Inaitwa Bureau de Consultations Gratuites. Mama anaenda kwanza komini, kwa watu wa affaires sociales, anaomba karatasi ya ukosefu, ile tunaita attestation d'indigence. Kisha anaipeleka baro, na anapewa avoka. Avoka huyo anaitwa pro deo. Ni maneno ya Kilatini, maana yake "kwa ajili ya Mungu". Sisi watu wa kanisa tungepaswa kuwa wa kwanza kuyajua, lakini tumeachia watu wa palé peke yao.

Sitakudanganya, ndugu yangu. Kazi hii ya pro deo ni zaifu. Mara nyingi anayetumwa ni kijana aliye katika stage yake ya miaka 2, ambaye hana hata feza ya taxi, na serikali haimlipi. Anakuja mara ya kwanza, mara ya pili haonekani tena. Na ukikaa mbali, Kambove ao Fungurume, ofisi hiyo ni safari nzima. Hapo ndipo utaona kama batonie ni kiongozi ao ni jina tu. Yuko batonie anayemwita kijana na kumuuliza: "Dossier ya mama yule imefika wapi?" Yuko na mwingine ambaye haulizi kamwe. Sheria ni moja, lakini mama wa kwanza anarudi nyumbani na bwana yake, na wa pili anaendelea kupeleka chakula gerezani.

Mlango wa pili

Kuna neno lingine linalouma zaidi. Avoka amepokea feza yako, ao amepokea malipo ya kampani kwa jina lako, na tangu siku ile simu yake haiite. Watu wanafanya nini? Wanalaani. Wanasema maavoka wote ni wezi. Wengine wanaenda kwa nganga. Wachache sana wanaenda kwa batonie, na kumbe ndiye anayepokea mashitaki hayo.

Baraza la baro linaweza kumwonya avoka, kumkaripia, kumsimamisha kwa muda usiopita mwaka 1, ao kufuta jina lake kabisa. Na kama mmoja haridhiki na hukumu hiyo, kesi inapanda mpaka baraza la taifa Kinshasa. Lakini usiende na maneno ya kinywa tu. Andika barua, weka tarehe, weka kopi ya resi ya kila feza uliyotoa. Kama avoka anakataa kukupa resi, hiyo peke yake imekwisha kukufundisha jambo.

Ninajua kazi hii ni ngumu kwa batonie. Huyu anayeshitakiwa walisoma naye pale UNILU, kesho watakutana katika korido moja, tena anataka kura yake. Kuhukumu ndugu yako wa kazi ni mzigo. Sisi wenyewe katika makanisa yetu tunaujua: ni mara ngapi tumeficha zambi ya mzee juu ya urafiki? Kwa hiyo simpimi batonie kwa hotuba yake siku ya rentrée judiciaire, katika toga nzuri. Ninampima kwa barua za maskini zilizopata jibu.

Lakini kuna upande mwingine, na ni haki kuusema. Avoka anayesimama na wafanyakazi juu ya kampani kubwa anaweza kutishwa. Nani atasimama mbele yake? Ni batonie. Wakati mwingine maavoka wote wanaweka toga chini, hawapleidi, mpaka mwenzao aheshimiwe. Mimi ninaelewa sababu yao, ingawa siku zile mfungwa maskini ndiye anayelala kasho usiku zaidi.

Kumbuka wale zaidi ya 10,000 waliotoka Gécamines kwa mpango wa "départ volontaire" kuanzia mwaka wa 2003. Ni wangapi waliweka sahihi wakiwa na mtu wa sheria pembeni yao? Jibu mwenyewe, wewe baba uliyekuwapo.

"Lakini Mkristo haendi tribinali"

Wengine wananitolea 1 Wakorinto 6. Soma vizuri: pale Paulo anakaripia ndugu wanaoshitakiana wao kwa wao. Yeye mwenyewe, alipoonewa, aliomba kuhukumiwa na Kaisari, Matendo 25. Na Agano Jipya linatuonyesha wanasheria wa namna mbili. Tertulo, Matendo 24, anauza kinywa chake kumshitaki mtu asiye na kosa. Zena, Tito 3:13, ni mwanasheria ambaye Paulo anaomba asaidiwe katika safari yake asikose kitu. Kijana, wewe unayesoma droit, kanisa linahitaji Zena.

Usimwombe batonie mambo yasiyo yake. Hawezi kufungua kasho, hawezi kumwamuru zuzi, hawezi kukupa ushindi. Basi usimpelekee mbuzi. Tena si kila mwenye koti jeusi mbele ya tribinali ni mtu wake. Kuna defansere, ambao wana mkubwa wao anayeitwa syndic, na kuna wadanganyifu wasio na mkubwa yeyote. Kabla ya kutoa hata franka 1, uliza jina lote la mtu huyo, kisha uende baro uangalie kama limeandikwa katika tableau, yaani liste ya maavoka.

Na kama una mtu ndani leo, usingoje mpaka ahamishwe Kasapa ao Buluo, maana kule dossier inalala. Andika kwenye karatasi jina lake, siku na saa aliyokamatwa, mahali alipokamatwa, na jina la aliyemkamata kama unalijua. Peleka karatasi hiyo baro asubuhi, pamoja na ile ya komini. Kama huwezi kuandika, mwambie mtoto wako anayesoma, ao uje kwa mchungaji wako. Kalamu tunayo.