Kulitambua Bango Halisi la Vita vya Dhofar

Vita vya Dhofar, vilivyopiganwa kusini mwa Omani kati ya 1965 na 1975, viliacha mabango na vipeperushi vya pande mbili: serikali ya Sultani iliyowataka waasi wajisalimishe na kuipigania, na wapiganaji wa ukombozi waliowaita watu vitani. Anayetaka kujua kama bango ni halisi alisome kwanza, lenzi ije baadaye. Katika miaka hiyo kumi karibu kila alama ya nchi ilibadilika, na mghushi hujikwaa hapo.

Hadi 1970 dola iliitwa Maskati na Omani. Jina la Usultani wa Omani lilikuja baada ya Qaboos bin Said kumwondoa baba yake, Said bin Taimur, tarehe 23 Julai 1970. Rupia ya Ghuba nayo ilitoka mwaka huohuo, ikaingia riali. Bendera nyekundu tupu ilibadilishwa Desemba 1970, lakini katika bendera mpya mstari mwekundu ulikuwa mwembamba kuliko mweupe na wa kijani. Mistari ilisawazishwa mwaka 1995. Bango la "1972" lenye mistari mitatu sawa halihitaji uchunguzi zaidi.

Upande wa pili una kipimo chake. Wapiganaji walianza 1965 wakijiita Chama cha Ukombozi wa Dhofar. Mwaka 1968 walilitwaa jina la ukombozi wa Ghuba ya Uarabuni Inayokaliwa, mwishoni mwa 1971 likawa la Omani na Ghuba ya Uarabuni, na 1974 ikabaki Omani peke yake. Jina na tarehe visipolingana, bango lina walakini.

Majina sahihi hayatoshi, kwani nakala ya bango la kweli huyabeba yote. Hapo ndipo lenzi ya kukuza mara kumi inapofaa. Katika chapa ya asili, picha huweza kuwa na nukta zilizopangwa kwa safu, ila herufi huwa za wino mzima wenye kingo kali. Katika nakala iliyopigwa picha upya, herufi zenyewe huonekana zimejaa nukta; na nukta zilizotawanyika ovyo ni za printa ya kompyuta.

Taa ya urujuanimno, inayosifiwa mno, hapa haisaidii sana. Karatasi iliyotiwa dawa ya kung'arisha huwaka buluu chini yake, na dawa hiyo ilienea miaka ya 1950. Taa hiyo inaweza kuumbua bango bandia la Vita vya Kwanza vya Dunia. La Dhofar linaweza kuwaka na bado likawa halisi.

Uchakavu nao una mahali pake. Mji wa Salalah, ulioko Dhofar, hupata ukungu na manyunyu ya msimu wa kharifu kila mwaka, kwa hiyo karatasi iliyokaa huko huota madoa ya kuvu. Iliyotunzwa katika mji wa Adam, ukingoni mwa jangwa, hukauka, hugeuka njano kuanzia pembeni na kukatika kwenye mikunjo. Rangi ya kahawia iliyoenea sawasawa mbele na nyuma kwa kawaida ni ya chai aliyoipaka mghushi.

Mwisho huulizwa limepitia mikono ya nani. Muuzaji asiyeweza kutaja hata mmiliki mmoja wa nyuma asilipwe bei ya bango halisi, hata kama karatasi na wino havina kasoro.