Hesabu Zinazoangusha Miradi ya Kompyuta

Mzigo unaotoka Mombasa kwenda Kampala kupitia mpaka wa Busia au Malaba hutegemea mambo yasiyopungua sita: mfumo wa forodha wa Kenya, mfumo wa Uganda, mtandao unaoiunganisha, umeme, taarifa alizojaza wakala, na ofisa anayejua kazi. Tuseme kila moja hufanya kazi siku 9 kati ya 10, na hitilafu ya moja haitokani na ya jingine. Wengi tungeridhika. Lakini 0.9 sita zikizidishana hutoa 0.53, yaani karibu nusu ya siku kuna jambo litakalokwamisha lori. Kila moja likifikia asilimia 99, jibu ni 0.94: siku moja mbaya kati ya 17. Hapo ndipo miradi mingi ya kompyuta huangukia. Kila sehemu hukaguliwa peke yake na kupasishwa, na hakuna anayekagua mnyororo mzima.

Ukubwa nao una gharama yake. Watu 5 wakifanya kazi pamoja, njia za mawasiliano baina yao ni 10. Wakiwa 50, njia ni 1,225. Watu wameongezeka mara 10, nafasi za kutoelewana zaidi ya mara 120. Si ajabu kwamba mwaka 2012 McKinsey na Chuo Kikuu cha Oxford, walipochunguza miradi zaidi ya 5,400, waliona ile mikubwa huzidi bajeti kwa wastani wa asilimia 45 na kuleta manufaa pungufu kwa asilimia 56 ya yaliyoahidiwa.

Kwetu mifano ipo. Kenya ilipopiga kura tarehe 4 Machi 2013, vifaa vya kutambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi. Vilinunuliwa kwa kuchelewa, mafunzo yakawa ya haraka, na betri zikaisha katika shule zisizo na umeme. Makarani walirudi kwenye daftari la karatasi.

Uganda ilitia saini mkataba wa vitambulisho vya taifa na kampuni ya Mühlbauer mwaka 2010, wa takriban euro milioni 64. Miaka miwili baadaye vilikuwa vimetolewa vitambulisho mia chache tu. Mwaka 2014 uandikishaji ulipelekwa hadi ngazi ya parokia, karibu na wananchi, na mambo yakabadilika: daftari la wapiga kura zaidi ya milioni 15.2 la mwaka 2016 lilitokana na uandikishaji huo. Kitambulisho alicho nacho mkazi wa Kisoko, wilayani Tororo, leo kilihitaji mtu wa kumfikia kijijini kama kilivyohitaji mashine ya kukichapa.

Kuzuia hasara huanza na hesabu ya mambo yanayoizunguka mashine. Tuchukue shule moja ya Kisoko iliyopewa kompyuta 20, kila moja ikila wati 60. Zikiwaka saa 5 kwa siku ni yuniti 6, na kwa siku 20 za masomo ni yuniti 120 kila mwezi. Nani atazilipa muhula wa tatu? Nani atabadilisha betri mwaka wa nne? Bajeti isiyo na majibu hayo haijakamilika.

Pili, mradi ujaribiwe kwanza mahali pagumu, penye umeme wa shida na mtandao hafifu, kabla ya kusambazwa. Ukipita Kisoko, Kampala hautashindwa. Tatu, malipo yafuate huduma iliyoonekana, si makontena yaliyoshushwa. Nne, awepo ofisa mmoja anayewajibika kwa mnyororo mzima, na njia ya karatasi iandaliwe mapema kwa siku mtandao utakapopotea.

Madiwani wa Tororo na wawakilishi wa wadi kule Busia ya Kenya hupitisha bajeti za miradi kama hii kwa niaba yetu. Kabla hawajainua mikono, tuwaulize yuniti ni ngapi, nani atazilipa, na mfumo umejaribiwa wapi. Wasipokuwa na jibu, fedha zisitoke.