Fahamu: Wakala wa SSH anavyoweza kusimamia vifaa uwanja wa ndege Juba

Swichi ya mtandao ikigoma katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, si lazima fundi apande ndege kuifuata. Mkongo wa faiba kutoka mpaka wa Uganda ulifika Juba mwaka 2020. Kwa hiyo anaweza kukifikia kifaa akiwa mbali; swali ni jinsi ya kuingia kwa usalama.

Njia iliyozoeleka ni SSH, itifaki ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyosimbwa, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Kompyuta ndogo huwekwa uwanjani kama wakala. Yeye ndiye huanzisha mawasiliano kwenda makao makuu, hivyo hakuna mlango unaoachwa wazi kwa intaneti nzima. Amri humfikia, naye huzipeleka kwa SSH kwenye swichi, ruta na kamera.

Hatari iko hapohapo: anayemteka wakala ameteka vyote. Zima nywila, tumia jozi ya funguo, hakiki alama ya utambulisho ya kila kifaa unapokiunganisha mara ya kwanza (wengi hukubali tu bila kusoma). Mifumo ya kuongozea ndege isiguswe na mtandao wa wakala huyu kabisa. Na wakala awekewe betri ya akiba, maana umeme ukikatika naye huzimika.