Injini Isiyotulia na Breki Iliyokaza: Tuliyoyajua Runyenjes

Tulipoondoka Mombasa kwenda Meru kuhudhuria nikahi ya mpwa wetu, tulijua kwamba gari letu lina ila. Ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, ya injekta wala si ya kabureta. Likiwa mwendoni halikuwa na neno. Lisimamapo kwenye msongamano, injini hupanda na kushuka yenyewe, usukani ukatetemeka, na mara nyingine likazimika kabisa.

Miezi miwili kabla ya safari, fundi mmoja wa huku kwetu alitubadilishia plagi, kisha sensa, kisha akatwambia kwamba zimebakia injekta zote nne, kwa shilingi 28,000. Fedha hizo tulikuwa tumeziweka kwa karo ya binti yetu. Dada yetu, ambaye ndiye hasa huliendesha gari hilo, alimweleza kuwa hata pedali ya breki imekuwa ngumu siku hizi. Akajibiwa kwamba gari kuukuu ndivyo lilivyo, na kwamba breki ni jambo jingine na injini ni jambo jingine. Tukanyamaza, nasi twakiri kuwa hatukumtetea.

Ukishapita mji wa Embu, barabara hufuata miteremko ya Mlima Kenya, ikishuka mabondeni na kupanda tena baina ya mashamba ya kahawa. Kwenye mteremko mmoja kabla ya kufika Runyenjes, dada alikanyaga breki mara tatu mfululizo, na mara ya nne pedali ikawa kama jiwe. Gari lilisimama, alhamdulillahi, lakini kwa nguvu za miguu yake miwili. Shangazi, aliyeketi nyuma na wajukuu, hakuacha kuleta shahada mpaka tulipoingia mjini.

Fundi tuliyeelekezwa hapo Runyenjes alikuwa kijana mpole. Kabla ya kushika chombo chochote alimgeukia dada: "Mama, wewe ndiye unaendesha? Hebu niambie kila kitu unasikia, hata kile unaona hakihusu injini." Dada akamwambia yote, pamoja na ile breki.

Kijana akaunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya kisanduku kidogo kilichomo ndani ya boneti, na taa ya injini kwenye dashibodi ikapepesa sawasawa, ishara kwamba kompyuta haikuwa imeandika kosa lolote. Kisha akatuomba tunyamaze, akainama. Kulikuwa na sauti nyembamba, kama ya mvuke utokao birikani. Akaubana kwa koleo mpira mmoja mnene, na papo hapo injini ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa.

Mpira huo hutoka kwenye injini hadi kwenye busta ya breki, lile bati la mviringo mfano wa chungu lililo mbele ya dereva. Injini ivutapo hewa hufanya utupu, na busta huutumia utupu huo kuusaidia mguu. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini usioonekana. Hewa ikaingia bila kupitia mlango wake. Kompyuta ikaongeza petroli, injini ikapaa, kompyuta ikakata petroli, injini ikaanguka. Busta nayo ikakosa utupu wa kutosha. Na huko juu, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo hata busta nzima husaidia kwa nguvu pungufu. Ndiyo maana ila tuliyoivumilia Mombasa ilitutisha Runyenjes.

Kijana alitufundisha jaribio ambalo kila mwenye gari la namna hii aweza kulifanya akiwa mlangoni pake, gari likiwa mahali tambarare na breki ya mkono imevutwa. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali ikaze. Uache mguu hapo hapo, kisha washa injini. Pedali haina budi kuzama kidogo. Isipozama, gari hilo lisitoke mpaka litazamwe.

Si kila mtetemo husababishwa na mpira, bila shaka. Plagi zilizochakaa, waya zinazovujisha umeme, na masizi kwenye njia ya hewa huleta hali kama hiyo. Lakini mipira hutazamwa kwa macho na masikio, bila ya gharama, nasi twaona ni dhuluma kumuuzia mtu injekta kabla ya kuitazama.

Mpira mwingine mzima ulipatikana kwa shilingi 600. Dada alilifanya lile jaribio yeye mwenyewe, mara mbili, pedali ikazama. Tukaswali dhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, tukashika njia ya Chuka, yeye akiwa usukanini. Jumatatu tuliporejea, karo ililipwa.